Mafundo Matano kwenye Mawe ya Lowa

Ninyi mnaobaki na mraba wangu wa mbao mmeniuliza mambo mawili tangu nilipotangaza kwamba naacha kazi. La kwanza, kwa nini kona yake moja imefungwa kwa waya. La pili, kwa nini katika kaye za Walikale, yale madaftari ya hesabu, kuna ukurasa uliopigwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, halafu pembeni mkono uleule ukaandika: usiguswe. Kila mara niliwajibu kwamba nina kazi. Sasa sina kazi. Daktari amenishika magoti, akasema yamekunywa maji ya baridi ya kutosha, na hapa nyumbani, Kingi, mke wangu amenipa kiti karibu na mlango na kuniomba nisimkanyagie maharage yake yanayoanikwa. Basi nimekaa, naandika.

Habari za vyeo sitazisema, kwa kuwa katika miaka yote hiyo nilichopanda ni majabali tu. Anayetaka kujua mshahara wangu aangalie viatu vyangu.

Nilianza katika miaka ya vita vya Wazungu. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke na watoto wawili, na nilikwenda Masisi kutafuta kazi ya barabara. Kwenye kijito kilicho chini ya barabara nikamkuta Mzungu mrefu amekaa ndani ya maji hadi kiunoni, kofia kichwani, anapapasa jiwe kama mtu aliyepoteza pete. Kwenye ukingo alisimama mzee mfupi mwenye kaye mkononi. Mzungu alikuwa Monsieur Emile. Mzee alikuwa Papa Rubeni, mtu wa Muheto, na kila ninachokijua katika kazi hii nilikipata kwake.

“Unajuaka kuandika?” akaniuliza.

“Kidogo, Papa. Nilisoma miaka ine kwa mapadri.”

“Na maji ya baridi, unaogopaka?”

“Hapana.”

“Utaogopa,” akasema. “Lakini kamata hii.”

Akanipa mraba: mbao nne zilizopigwa misumari, na ndani yake nyuzi zilizovutwa na kufanya vyumba vidogo. Hatua ya tatu ndani ya maji nikateleza. Nilianguka juu ya mraba, mraba ukaangukia jiwe, kona ikapasuka. Monsieur Emile akageuka na uso wa huruma, akauliza, “Mbao iko muzima?” Habari za mgongo wangu hakuuliza. Papa Rubeni akatoa waya mfukoni, akafunga ile kona, na waya wenyewe ndio huo mnaouona.

Halafu akanipa kaye na penseli. “Andika.”

“Niandike nini, Papa?”

“Andika: nimeanguka juu ya jiwe ya kwanza, majani ya upande ya kushoto nimeikwaruza na matako.”

Nikacheka. Yeye hakucheka hata kidogo. “Kitu ulifanyia jiwe, uandike nayo,” akasema. “Kama hapana, ule atasoma kesho atazani ni maji njo ilifanya.” Nikaandika. Ukurasa wa kwanza wa maisha yangu ya kazi una neno matako, na Monsieur aliuhifadhi pamoja na kurasa nyingine zote.

Lazima niwaeleze huyu Monsieur Emile alikuwa anatafuta nini, maana hata shemeji yangu wa Muheto hakuelewa mpaka mwisho, na aliwadanganya majirani kwamba najenga madaraja. Monsieur hakuja Kongo kwa ajili ya vijito. Yeye alikuwa mtu wa mwani, yale majani yanayoota kwenye mawe ya bahari. Alikuwa amezunguka pwani za nchi za joto akihesabu mwani gani unaota juu na upi unaota chini, upi unajaa miezi ya mvua na upi unaungua jua likizidi. Vita vikamkuta huku kwetu, mbali na maji ya chumvi, na njia ya kurudi imefungwa. Mtu mwingine angekunywa pombe. Yeye alitazama jiwe la kijito, akaona limeota majani, akaanza kuhesabu.

Nilimwuliza siku moja bahari ikoje, kwa sababu sijawahi kuiona na sasa sidhani nitaiona. Alikuwa anakamua soksi. “Bahari nafanya kupanda na kushuka kila siku,” akasema kwa Kiswahili chake kile. “Jiwe ya juu nakauka, jiwe ya chini hapana. Kwa hiyo majani ya juu na majani ya chini si ndugu. Mto yako nafanya vile vile, lakini kwa mwaka. Mto ni bahari muvivu.” Akavaa zile soksi zikiwa bado zinatoa maji. Nilimpenda kuanzia siku hiyo, nasema wazi, ingawa alinichosha kupita mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na mnaijua, lakini nyinyi mmeikuta imenyooka. Tunavuta kamba kutoka ukingoni hadi katikati ya mto. Kila baada ya hatua mbili tunaweka mraba juu ya jiwe. Tunahesabu vyumba vyenye majani na vyumba vitupu, tunaandika ni majani gani, jua au kivuli, maji yanafika wapi. Mwezi ukiisha tunarudi mahali palepale. Papa Rubeni alinikataza kuamini macho. Alinifumba kwa kitambaa, akanipa mawe nipapase, mpaka nikaweza kutofautisha kwa vidole ute wa kijani, nyuzi ndefu, na ile ngozi nyekundu inayoshika jiwe la kivulini kama rangi iliyopakwa. Wanawake waliokuwa wakifua nguo walisimama kututazama, mzee akimfumba mtu mzima macho katikati ya kijito.

Katika vilima vya Masisi nilijifunza kwamba hakuna kijito kinachofanana na chenzake. Miezi ya mvua maji yanashuka na changarawe, yanayasugua mawe mpaka yanakuwa na upara. Kiangazi kikitulia, nyuzi za kijani zinarudi, kwanza pembeni penye jua, halafu katikati. Ng'ombe wanaponywea, jiwe linakuwa na ute mwaka mzima, mvua inyeshe au isinyeshe. Sisi tuliweka alama za chokaa juu ya mawe yetu ili tuyatambue, na chokaa ilikaa. Hilo la chokaa mlishike, ndilo lililonipeleka pabaya.

Vita vilipokwisha nilidhani Monsieur atarudi kwenye bahari yake. Akasema hapana, tuna nusu ya mto tu. Maji ya mto Lowa yanatoka kwenye vilima vyetu na kuingia msitu wa Walikale, na yeye alitaka kujua huko chini mawe yanavaa nini. Papa Rubeni alikataa kwenda. “Miti ikinifunika juu, mimi sipumuke,” akasema. Alinikabidhi mraba, akarudi Muheto kwenye viazi vyake, na sikumwona tena akiwa hai. Alinipa pia kile kisu chake kidogo cha kukwangulia mawe, ambacho bado ninacho na ambacho hamtakipata.

Tulitembea siku nyingi. Mtu wa vilima akiingia msitu ule kwa mara ya kwanza anakuwa mjinga upya: hajui mvua inatoka upande gani kwa kuwa haoni mbingu, na hajui miezi, kwa kuwa mvua haikomi kama kwetu. Kiangazi chao ni majuma machache tu ya mto kushuka. Tulifika wakati huohuo, maji yameanza kupungua. Na hapo kwenye maporomoko nikaona majani ambayo vidole vyangu havikuyajua. Hayana mizizi ya kuingia udongoni, yanashika jabali lenyewe, tena pale maji yanapopiga kwa nguvu kuliko pote. Mto ukijaa yanakaa chini, yanatikisika, yanakua. Mto ukishuka na kuyaacha juani, yanatoa maua madogo kwa haraka, yanaangusha mbegu juu ya mwamba, yanakauka. Monsieur alipoyaona alipiga magoti ndani ya maji. Alisema tangu aiache bahari hajaona kitu kilichomkumbusha mwani kiasi kile. Akaniagiza: chagua mawe matano mazuri, uyahesabu miezi kumi na miwili, usikose hata mmoja. Yeye angekwenda na kurudi kati ya Masisi na Walikale. Mimi ningekaa.

Mawe mengi ya hapo yalikuwa matupu, nusu yake kama yamenyolewa. Matano tu, yaliyopangana karibu na ukingo wa chini, yalikuwa bado yamevaa majani yote. Nikachagua hayo. Sikujiuliza mengine yalinyolewa na nani. Niliona nimebahatika.

Chokaa haikukaa. Maji ya kule yaliilamba kwa siku mbili. Misumari haikuingia mwambani. Mwisho nikapata akili, au nilidhani hivyo: nikakata kamba za msituni, nikazizungusha kwenye pembe ya juu ya kila jiwe, na katika kila fundo nikachomeka majani mabichi ili nilione kutoka mbali. Kila mwezi majani yakioza naweka mapya. Monsieur aliposikia alinisifu na akaandika sifa hiyo kwa mkono wake. Nilijiona fundi.

Kijijini karibu na maporomoko aliishi Mama Adela, mjane, mkulima wa ndizi na mihogo, mtu wa kanisani kila Jumapili. Alikuwa na binti mmoja, Veronika, aliyekuwa amechumbiwa na kijana wa kijiji cha ng'ambo. Mama Adela alikubali kunipikia, nami nikamletea samaki ninaowakuta kwenye mitego na nyama kila nilipoipata. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mzuri wa kupika sombe, majani ya mihogo. Ila chakula chake hakikuwa na chumvi. Siku za kwanza nilidhani amesahau. Baadaye nikaona ni desturi ya nyumba, nikaanza kumtania. “Mama Adela, sombe yako ni muzuri, inangoja tu chumvi ifike kutoka Masisi.” Alitabasamu na kuondoa sahani. Mwezi uliofuata namtania tena. Mwaka mzima nilirudia utani huo, ndugu zangu, na nilijiona mcheshi.

Mawe yangu yalistawi. Mto ulipojaa nilishikilia kamba iliyofungwa mtini, nikapapasa chini ya maji kama Papa Rubeni alivyonifundisha, na vyumba vya mraba vilikuwa vimejaa. Kaye ilipendeza. Miezi kumi na mmoja ikapita, maji yakaanza kushuka tena. Nikawaona wanawake wa kijiji wakiingia mtoni na visu na vikapu, wanakata majani ya mawe yale mengine, wanayaanika, wanayachoma. Nilipita nikawasalimu. Walinijibu kwa heshima, na mawe yangu matano hakuna aliyeyasogelea. Nikaandika kwamba watu wa hapa wanaheshimu kazi ya sayansi. Neno hilo limo kwenye kaye, mkitaka kucheka.

Wiki hiyo wakaja wageni kutoka ng'ambo, wazee wawili wa upande wa mchumba. Nilialikwa kukaa nao. Mama Adela akaleta sombe, ndizi na samaki. Wazee wakaonja, wakatazamana. Nami, ili kuwafurahisha, nikasema, “Musishangae, wazee. Hapa kwa Mama Adela tunakulaka bila chumvi. Tumeizoea.”

Mmoja wa wazee akaweka chini tonge lake. Akasema polepole kwamba mwaka jana maji yalishuka na bibi harusi hakuwa na vifurushi, wakavumilia. Mwaka huu maji yameshuka tena. Yakipanda bila vifurushi, kijana wao atatafuta kwingine. Sikuelewa ni vifurushi gani. Veronika alikuwa amesimama na birika la maji ya kunawa. Akalitua chini kwa nguvu.

“Papa Bonifasi, unachekaka sombe ya mama mwaka muzima. Chumvi iko pale, juu ya majiwe yako. Wewe njo uliifunga.”

“Mimi? Nilifunga nini?”

“Mafundo! Kila mwezi unakuya, unaweka majani ya mupya. Mama anakuangalia, anarudia ku nyumba, anakupikia!”

“Veronika, nyamaza,” akasema mama yake. “Muntu hawezi kuuliza mwenye fundo.”

Nikaeleweshwa siku hiyo mbele ya wageni, nikiwa na tonge mkononi. Chumvi ya kule ilikuwa inatoka kwenye yale majani ya mwambani. Kila mwanamke ana mawe yake aliyoachiwa na mama yake, na hakati ya mwingine hata akiwa na njaa. Matano yale yalikuwa ya Mama Adela. Tulipofika mwaka uliotangulia alikuwa kwenye matanga ya kaka yake, ndiyo maana hayakuwa yamekatwa. Aliporudi na kisu chake akakuta mafundo yenye majani. Na fundo lenye majani, katika msitu ule, likifungwa kwenye mti wa matunda au kwenye mzinga wa nyuki, linasema kitu hiki kina mwenyewe, kisiguswe. Aliyefunga peke yake ndiye anayefungua. Kumwuliza sababu ni kumtafutia ugomvi. Na bibi harusi anapoingia kwa wakwe anabeba vifurushi vya chumvi ya mawe ya mama yake, si ya duka, si ya jirani. Mama Adela alikaa mwaka mzima akingoja nimalize. Kidogo alichokuwa nacho alikuwa akipewa na majirani, na hicho alikiweka kwa ajili ya wagonjwa.

“Mama,” nikamwuliza, “juu ya nini haukuniambia?”

“Nilizani ni Leta njo ilikutuma,” akajibu, akimaanisha serikali. “Na hata kama haiko Leta. Unafungaka, uko na sababu yako. Ukimaliza utafungua. Mimi nilikuwa nangoya tu.”

Niliona haya ambayo sijaisikia tena maishani. Ningependa kuandika kwamba nilikimbia mtoni mara moja. Sikukimbia. Nilikwenda kukaa kwenye kibanda changu na kaye magotini. Ilibaki hesabu moja tu, ya mwezi wa kumi na mbili, na Monsieur alikuwa Masisi, atarudi baada ya majuma matatu kuichukua. Nikifungua, mwaka wake mzima unakatika kwenye mwisho. Huenda na mimi nakatika nao. Nikingoja, mto utapanda, maana juu kwetu kulikuwa kumeanza kunguruma, na harusi ya Veronika inakufa kwa sababu ya hesabu. Nilipata pia wazo la tatu, na sitalificha kwenu: nifungue, wakate, halafu niandike kwamba maji yaliyang'oa majani. Nani angejua? Mtu pekee aliyeweza kupapasa jiwe na kujua kisu kimepita alikuwa Muheto akilima viazi.

Ndiyo hiyo sababu iliyonizuia. Nilimwona Papa Rubeni na sura yake isiyocheka.

Asubuhi nilimwita Mama Adela. Kwanza nilihesabu mawe yote matano kwa mara ya mwisho, chumba kwa chumba, yeye amesimama majini na kikapu chake bila kuniharakisha. Halafu nikampa kisu.

“Hapana,” akasema. “Fungua wewe. Mukono yangu hapana.”

Nikafungua la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilipofika la tano akanishika mkono.

“Hii uiache. Ni ya Bwana yako. Naye ametoka mbali.”

Nilikaa juu ya jiwe nikalia, mtu mzima na kofia ya kazi kichwani. Yeye akaanza kukata. Siku mbili waliyaanika juu ya mwamba, wakayachoma, wakamwaga maji kwenye majivu ndani ya faneli ya majani ya migomba, wakachemsha yale maji mpaka sufuria ikabaki na ukoko wa kijivu. Aliniwekea kidogo kwenye ulimi. Ilikuwa chungu kuliko ya duka, na nilisema ni tamu, na sikudanganya. Siku nne baadaye mto ulipanda na kufunika mawe yote.

Kwenye kaye niliandika: jiwe la kwanza hadi la nne yamekatwa na mwenyewe, Mama Adela. Mwaka uliopita hayakukatwa kwa sababu niliyafunga bila kujua maana ya fundo. Hesabu za mwaka huu ni za mawe yaliyozuiwa, si za mto ulivyo. Mkosaji ni mimi.

Monsieur Emile alisoma ukurasa huo akiwa amesimama. Sikuwahi kumwona na hasira kabla ya hapo. Hakupiga kelele. Alitoa penseli nyekundu, akavuta mstari kutoka kona hadi kona mbele ya macho yangu. “Mwaka moja,” akasema. “Mwaka moja muzima, Bonifasi.” Siku nane aliongea nami kwa namba tu. Lakini harusi ilikuwa siku ya tisa, na Mama Adela akamwalika. Alikuja na kofia yake. Aliwaona akina mama wakivuka na Veronika, vifurushi vya majani vimepangwa kichwani, akaniuliza vile ni nini. Nikamwambia ni mawe manne ya kwanza. Halafu akaomba sombe, akala, akaomba tena.

Hakunifukuza. Alisema tuhesabu upya. Na mto uliposhuka mwaka uliofuata tukaona jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitazamia. Mawe manne yaliyokatwa yalikuwa yamevaa majani mapya kutoka juu hadi chini, yamesimama vizuri. Lile la tano, tulilolitunza tusiliguse kwa miaka miwili, lilikuwa limejaa visiki vikavu vya zamani, vimeshika matope, na ute wa kijani umekalia kila kitu. Mbegu hazikupata mwamba wa kushika. Nilimwita Mama Adela tumwonyeshe. Alitutazama kwa upole, kama watu wazima wanaogundua kwamba moto unaunguza.

“Majani hii haitakake kuachwa,” akasema. “Mama yangu alikuwa anatuchapa tukiruka jiwe moja.”

Monsieur alikaa juu ya mwamba akacheka mpaka akapoteza kofia, ikaenda na Lowa. Jioni alifungua kaye kwenye ule ukurasa wenye mstari mwekundu. Hakuwa na namna ya kuufuta mstari. Akaandika pembeni neno lile mnaloliuliza, usiguswe, akageuza kaye kunionyesha, akasema, “Hii ni ukurasa muzuri ya kaye yote.” Toka hapo kila mahali tulipopima, kabla ya kuvuta kamba tulianza kwa kuuliza ni akina mama gani wanaingia hapa, mwezi gani, na wanachukua nini. Nyinyi mnadhani ni adabu tu. Ni sehemu ya hesabu.

Miaka iliyofuata ilikwenda upesi, na imo kwenye kaye, sina haja ya kuirudia. Monsieur Emile alipata njia ya kurudi baharini. Aliniandikia barua moja yenye mwani mkavu ndani yake. Ulikuwa na harufu ya sufuria ya Mama Adela. Mama Adela mwenyewe alifariki miaka michache iliyopita, na mawe yake yakaenda kwa Veronika, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne na haogopi mtu.

Nilipoamua kuacha kazi nilikwenda Walikale kuaga. Magoti yalikataa, nikayalazimisha. Veronika alinikuta ukingoni nikitazama mawe, mto ukiwa ndio kwanza umeanza kupungua, pembe zao zikianza kuonekana. Aliingia majini, akafika kwenye lile la tano, akakata kamba ya msituni, akalizungushia jiwe, akachomeka majani mabichi kwenye fundo. Akarudi akijifuta mikono kwenye kitenge.

“Hii ni yako, Papa. Hakuna muntu atagusa. Mawe ikitoka muzima, ukuye ukate. Na kama haukuyi, unajua vile itakuwa. Utaniharibia jiwe.”

Nimekaa hapa Kingi nikihesabu. Juma lijalo mawe ya Lowa yatakuwa nje kabisa. Kisu cha Papa Rubeni nimekinoa jana, mke wangu akaniona, akaanza kunifungia chakula cha njiani. Daktari msimwambie.